Ukuta Uliolowa Siku za Jua

Majengo, Moshi
Jumapili, 28 Agosti 1977
Asubuhi jua, mlima wazi hadi kileleni, hakuna upepo.

Mdogo wangu Wenseslaus,

Marahaba. Najua umeshacheka kwa huo mstari wa juu, lakini shajara yangu huanza hivyo kila siku na mkono umezoea.

Nimepata nyumba. Soma polepole.

Unakumbuka nilivyotoka Kibosho baada ya mazishi ya mume wangu Evaristo. Shemeji alisema kihamba, shamba la urithi, ni cha wanaume wa ukoo na mimi nimezaa wasichana tu. Hatukugombana, nilifunga mizigo. Sasa mwenye chumba hiki cha Majengo ameniambia anamwoza kijana wake, anakitaka mwishoni mwa Oktoba. Theopista ana miaka kumi na moja, Redempta minane. Sitawahamisha tena kwenda kwenye chumba cha kupanga.

Nyumba iko Old Moshi, ya Mzee Ebenezeri, mzee wa kanisa la Kilutheri. Anakwenda kuishi kwa mwanawe Arusha. Vyumba vinne, bati zuri, sakafu ya simenti, migomba, na kahawa kidogo. Balozi na mwenyekiti wa kijiji hawana kipingamizi. Watu wengi wameitaka, hata mfanyabiashara mmoja wa mjini, na Mzee amewakataa wote bila kutoa sababu. Mimi amenikubali siku ya kwanza.

Nadhani ni kwa ajili ya marehemu. Evaristo alipaka chokaa pale mwaka 1973. Nilipofika nilimwambia Mzee, "Marehemu alinieleza habari zote za nyumba hii." Alinitazama usoni, akasema, "Basi, Mama Theopista, sina la kuongeza. Wewe ndiye."

Leo baada ya misa nimekwenda kuitazama tena. Chumba cha nyuma nitawapa wasichana. Ukuta wake chini umelowa, maji yanatoka kama jasho. Labda bati linavuja. Jirani wa chini, Mama Digna, mjane kama mimi, alikuwa amesimama na jembe akisubiri maji ya mfongo, mfereji wao wa kumwagilia migomba. Kule mitaa minne inagawana maji, kila mtaa siku yake, kwa hiyo zamu hurudi kila siku ya nne. Yanamfikia membamba kama uzi. Mwezi uliopita kamati ya mfongo ilimtoza mbuzi kwa kuiba maji na kuwapunja walio chini yake. Anaapa hakuiba. Nilimhurumia.

Niambie unafurahi.

Dada yako,
Mektrida


Dodoma
2 Septemba 1977

Dada Mektrida,

Shikamoo. Huku ni vumbi. Hilo ndilo la hali ya hewa, ukitaka uliandike kwenye shajara.

Nafurahi, lakini nusu. Mimi ni mtunza stoo tu hapa panapojengwa, ila macho ninayo. Mwezi wa Juni ukuta mzuri kabisa, uliopakwa rangi hadi ukang'aa, ulilala chini mchana kweupe. Msingi ulikuwa umekaa juu ya shimo la mchwa na hakuna aliyeuliza. Tangu siku hiyo mkubwa wetu hapokei hata choo bila mkaguzi kukigonga.

Kwa hiyo kabla hujalipa, tafuta mtaalamu. Hapo Majengo, nyuma ya msikiti, yupo Bwana Januari, fundi mkuu mstaafu wa serikali. Ni mkali na hana adabu ya kusifu. Huyo ndiye unayemtaka. Aipime nyumba, apande darini, agonge sakafu, na aandike kwenye karatasi na kutia sahihi yake.

Najua utasema ni aibu kumpelekea mzee wa kanisa mtu wa kumgongea kuta. Dada, wewe ukinunua kitenge unakivuta pande zote mbili mbele ya mwenye duka. Mbona yeye hanuni?

Usinywe mbege ya mapatano, ile pombe ya kufunga biashara, kabla ya karatasi hiyo.

Nduguyo,
Wense


Majengo, Moshi
Jumapili, 18 Septemba 1977
Asubuhi jua kali, vumbi jepesi barabarani.

Wense,

Nitakupa mambo kwa tarehe, kisha nitakulaumu.

Tarehe 3, Jumamosi. Ukungu na manyunyu tangu alfajiri. Nilikwenda kwa makusudi nione bati linavuja wapi. Ukuta ule wa nyuma ulikuwa na doa tu; nilipoweka kiganja kilitoka kikavu. Nikafurahi.

Tarehe 11, Jumapili. Mawingu. Nilimpeleka Bwana Januari wako. Alikuja na mfuko wa nyundo, timazi na pimamaji, na hakukubali hata maji ya kunywa. Mzee Ebenezeri alikaa nje kwenye kigoda, ameshika fimbo. Nilimweleza kwa sauti ya chini kwamba ni ndugu yangu wa Dodoma aliyeng'ang'ania. Akajibu tu, "Aliyekwisha kuambiwa anapima nini tena?" Nikaona aibu hadi masikioni.

Bwana Januari alitumia saa mbili na nusu. Bati halivuji hata tundu moja. Vyumba viwili vya mbele na sebule, msingi ni wa mawe, amesema vitamzika yeye na mimi. Chumba cha nyuma alikigonga, akapiga magoti, akaweka sikio sakafuni kama daktari. Lipu ya ukuta ni mpya kuanzia chini hadi magotini, na juu yake kuna mstari mweupe wa chumvi. Kitanda cha Mzee kimesimama kwenye kona na hakikusogezwa. Alipotoka alisema, "Nyumba haitoki jasho bure, mama. Sitii sahihi mpaka nijue maji yanatoka wapi."

Tarehe 17, jana. Jua la kuchoma. Ukuta umelowa tena, kuliko siku ya kwanza.

Sasa lawama. Ulisema nisinywe mbege kabla ya karatasi. Barua yako ilifika tarehe 7. Mbege niliinywa tarehe 4, mbele ya balozi na watu wanne. Sikutaka kukuambia. Nimekwisha kumwambia na mwenye chumba aandae harusi yake. Wasichana wamegawana kuta: Theopista ukuta wa dirishani, Redempta ule ule unaolowa. Huyo fundi wako amenitia doa moyoni, na dawa hana.

Jana usiku nililala saa sita na nusu.

Mektrida


SIMU
DODOMA 23 SEPTEMBA 1977
MEKTRIDA KIMARIO MAJENGO MOSHI
SI BATI. SIKU YA MVUA KAVU SIKU YA JUA LOWA. ULIZA ZAMU YAO YA MFONGO. MRUDISHE JANUARI SIKU HIYO. USILIPE.
WENSE


Majengo, Moshi
Jumatatu, 26 Septemba 1977
Asubuhi sikutazama.

Wense,

Simu yako ya maandishi ilinifikia Jumamosi. Niliweka kidole kwenye shajara nikahesabu. Tarehe 28 Mama Digna alikuwa akisubiri maji, ukuta umelowa. Kutoka hapo hadi tarehe 17 ni siku ishirini, zamu tano kamili. Tarehe 3 na 11 maji yalikuwa kwenye mitaa mingine. Zamu iliyofuata ilikuwa jana.

Tulipanda jana mchana, mimi na Bwana Januari. Mzee alikuwa amerudi kutoka kanisani. Bwana Januari aliomba kitanda kisogezwe. Mzee akaniangalia mimi, si yeye, akasema, "Kama unataka na huyu ajue, ni nyumba yako." Sikuelewa, nikaitikia kwa kichwa.

Chini ya kitanda kulikuwa na mkeka. Chini ya mkeka kulikuwa na mfuniko wa simenti, mraba, wenye pete ya chuma. Bwana Januari aliunyanyua kwa mtaimbo.

Maji yalikuwa yakipita, Wense. Mfongo mzima, mpana kama mkono wangu kutoka bega hadi vidole, unakwenda mbio gizani chini ya chumba, na baridi yake ikatupanda usoni. Ukingo mmoja umepasuka, maji yanaingia pembeni, yanaula udongo wa chini ya ukuta. Bwana Januari alitumbukiza rula yake kwenye ufa. Yote iliingia na haikugusa mwisho. Alisema masika mawili, pengine moja, halafu chumba kitashuka na waliolala ndani.

Nilikuwa bado nawaza wasichana wangu alipougeuza ule mfuniko juu chini. Upande wa chini kuna maandishi yaliyochorwa kwa msumari simenti ikiwa mbichi: E.K. 14-2-73.

Ile K yenye mguu mrefu naijua. Iko kwenye cheti changu cha ndoa.

Nilitoka bila kuaga, nikashuka kwa miguu hadi mjini. Bwana Januari alinifuata nyuma, hatua kumi, hadi mlangoni kwangu. Namshukuru kwa hilo.

Evaristo hakupaka chokaa pale.

Mektrida


Old Moshi
28 Septemba 1977

Kwa Mama Theopista,

Bwana asifiwe. Uliondoka bila kuaga, na uso wako niliuona. Nimekaa siku tatu nikitafakari, na sasa naogopa kwamba hukujua. Mjane wa fundi wangu, nilidhani unajua.

Mfongo huu ulikufa katika mvua kubwa za mwaka 1961. Kingo za juu zilibebwa na maporomoko. Mimi nilijenga mwaka 1964. Chumba cha nyuma kilikaa juu ya njia yake. Unajua mwiko wa wazee: hakuna kujenga juu ya mfongo, hata ukiwa mkavu. Lakini ulikuwa umekufa, na kiwanja ni chembamba.

Mwanzo wa mwaka 1973 kijiji kiliamua kuufufua kwa msaragambo, kazi ya kujitolea ya watu wote. Mimi nilikuwa katibu wa kamati. Mimi ndiye niliyeandika majina ya waliokuja na majembe. Wakati wanachimba juu kule, nilimwita mumeo. Kwa siku kumi alivunja sakafu, akaujengea mfongo njia ya mawe na simenti, akaifunika siku maji ya kwanza yalipofika. Niliwaambia wenzangu nimeuchepusha pembeni, ndani ya uzio wangu wa masale. Migomba ni minene, hakuna aliyekwenda kutazama.

Evaristo hakupenda. Alitaka niseme. Nilimwomba kwa jina la mke wangu aliyekuwa mgonjwa kitandani asivunjiwe nyumba. Alikubali kwa sharti moja: "Mzee, siku ukiiuza, muuzie mtu anayejua." Niliapa. Ndiyo sababu niliwakataa wale wote. Hakuna aliyejua, na sikuweza kuwaambia. Ulipokuja ukasema marehemu alikueleza habari zote, nililia ulipoondoka. Niliona Mungu amenipa njia ya kutimiza.

Sasa unajua. Ufa ule unaweza kuzibwa. Nitapunguza bei kadiri utakavyotaka. Naomba jambo moja tu, alilonipa mumeo nami ninaliomba kwako: lisitoke nje. Kamati ina kikao Jumamosi ya wiki ijayo. Wakijua, watavunja.

Mimi mzee wako,
Ebenezeri


Dodoma
3 Oktoba 1977

Dada,

Shikamoo. Nimepata barua yako, na nakala ya ile ya Mzee uliyoinakili. Nimeisoma mara tatu stoo nimejifungia. Evaristo alinifundisha kushika mwiko wa kupigia lipu, akaniambia kazi ya siri ni kazi mbovu.

Sikiliza. Usinunue. Lakini usiseme pia. Mwambie Mzee umeshindwa, uondoke kwa amani. Shemeji yako na watu wa Kibosho wanasubiri neno lolote la kumchafua marehemu ili waseme hata ndoa yenu ilikuwa ya uongo vile vile. Wasichana wanabeba jina lake. Mafundi wa Moshi hadi leo wanalitaja kwa heshima. Chumba kingine kitapatikana; nitaomba likizo nije tukitafute wote.

Ni mimi niliyekuambia uite mkaguzi. Najuta.

Wense


Majengo, Moshi
Jumapili, 9 Oktoba 1977
Asubuhi mawingu upande wa mlima, mjini jua.

Mdogo wangu,

Marahaba. Usijute. Wasichana wangekuwa wamelala pale.

Barua yako ilinifikia Ijumaa. Niliiweka karibu na ya Mzee. Mnaniomba kitu kimoja wote wawili, na nyote kwa upendo. Kama ingekuwa jina la Evaristo peke yake, pengine ningewasikiliza. Lakini kuna mbuzi wa Mama Digna. Yule mama alitozwa kwa maji yanayozama chini ya kitanda cha mtu aliyekuwa kwenye kamati, naye Mzee katika kurasa mbili hakumtaja hata mara moja. Sidhani ni mtu mbaya. Nadhani alikuwa amezoea kutomwona.

Jana nilikwenda mapema. Nilimkuta Mzee anavaa koti. Nilimpa shikamoo, nikamwambia kikao kitasikia leo, na ni bora kisikie kwake. Aliketi kitandani, juu ya mahali pale pale. Alisema atajaribu.

Walikaa katika darasa la shule, wanaume kama thelathini na wanawake wachache nyuma. Ilipofika zamu yake Mzee alisimama, akavua kofia. Aliongea juu ya kusafisha kingo kabla ya vuli. Akakohoa. Akasema kuhusu majani yanayoziba njia kule juu. Akakaa.

Basi nikasimama mimi. Mwenyekiti aliuliza huyu mama wa Kibosho ana neno gani kwenye mfongo wa watu, na wengine wakacheka. Nilikuwa nimeyaandika kwenye karatasi ili nisiongeze wala kupunguza. Nikasoma:

"Mbuzi wa Mama Digna arudishwe. Maji hayakuibiwa. Yanapotelea chini ya sakafu ya Mzee Ebenezeri, na fundi aliyeyafunika ni mume wangu."

Kicheko kilikatika. Nilimpa mwenyekiti karatasi ya Bwana Januari, aliyoandika yote tuliyoyaona chini ya mfuniko. Mzee hakukana. Alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili, machozi yanashuka bila sauti.

Kisha Mama Digna akasimama huko nyuma, akaniuliza taratibu, "Na wewe ulijua?"

Nikamwambia, "Hapana. Lakini nilisema najua."

Ndilo ambalo sijakuambia wewe wala mtu mwingine. Evaristo hakunieleza chochote kuhusu nyumba ile. Nilimwambia Mzee vile ili anipende, anione wa karibu, anipe nyumba. Sentensi moja ya adabu. Yeye akajibu, "Sina la kuongeza," na mimi nikaiandika kwenye barua yako kwa furaha, kama jambo jema.

Walikwenda wote wakaunyanyua mfuniko. Waliamua chumba cha nyuma kivunjwe Jumamosi ijayo na mfongo uachwe wazi, na Mzee atoe mbuzi kwa Mama Digna kabla ya hapo. Sehemu ya mbele itabaki. Langoni Mzee alinishika mkono. "Nilimwahidi fundi," akasema. "Nilidhani ninatimiza." Nilimwambia kwamba chumba kikishavunjwa, na Bwana Januari akipima upya na kutia sahihi, nitakuja tuzungumze habari ya vyumba vya mbele. Asipotia sahihi, sitakuja. Akaitikia kwa kichwa. Mafundi wawili wa Majengo waliopata habari leo walinipita kanisani bila kunisalimu. Hilo nalo nimeliandika.

Jambo la mwisho. Usiku huu nimetoa kwenye sanduku shajara ya mwaka 1973, nikatafuta tarehe ile. Nakunakilia ilivyo:

"Jumatano 14/2. Jua kali, mlima wazi tangu alfajiri, hakuna mvua wiki ya tatu. E. karudi saa moja usiku kutoka Old Moshi, suruali imelowa hadi magotini. Kaifua mwenyewe. Amekula kidogo. Kakaa mlangoni muda mrefu, kama ana neno. Nimelala saa nne."

Wiki tatu bila mvua, na suruali imelowa. Kama ana neno. Niliona, nikaandika vizuri, nikafunga daftari, nikalala saa nne.

Dada yako,
Mektrida

Nyongeza, Jumatatu alfajiri, kabla sijaifunga bahasha: nimelala saa tisa na dakika ishirini.